Nasikiliza mahubiri kila siku, mbona sikui? Tuliulize kanisa la kwanza

Swali: "Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Nimeokoka miaka saba sasa. Mwanzoni nilikuwa na moto, naomba usiku kucha na usingizi siuoni. Siku hizi nasikiliza mahubiri karibu kila siku kwenye simu, sikosi semina wala mkesha, lakini naona nimesimama palepale: hasira zilezile, uongo mdogo mdogo uleule, na maombi yamekuwa mazito. Nikisoma Matendo ya Mitume naona watu wa namna nyingine kabisa. Wenzetu wale walikuwa na nini ambacho sisi hatuna? Na je, nihamie kanisa lenye moto zaidi?"

Amina, dada. Nashukuru umetaja hasira na uongo waziwazi. Wengi wanaoniletea swali kama lako husema tu kwamba "wamepoa", na hapo sijui nianzie wapi. Wewe umenionyesha mahali.

Tuanze na kanisa la kwanza lenyewe, maana naona umelipamba kidogo. Sura ya pili ya Matendo inatuambia kwamba waamini "wakawa wakidumu katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali". Ni kweli. Lakini sura ya tano ina Anania na Safira wanaodanganya kuhusu fedha za kiwanja, na ya sita inafunguka kwa manung'uniko kwamba wajane wa upande mmoja wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Kule Korintho ndugu walipelekana mahakamani, na kwenye meza ya Bwana huyu ana njaa na yule amelewa. Waebrania waliambiwa kwamba kwa muda waliokaa katika imani walipaswa kuwa waalimu, nao bado walihitaji maziwa. Efeso, mahali ambapo Paulo alifundisha kwa miaka, kanisa likaambiwa limeuacha upendo wake wa kwanza. Na karibu mwaka 96 kanisa la Roma liliwaandikia Wakorintho barua ndefu kwa sababu walikuwa wamewaondoa wazee wao. Miaka kama 40 imepita tangu Paulo awakemee kwa magomvi yao, na bado wanagombana. Hao ndio watu unaowaona wa namna nyingine. Tofauti kati yao na sisi ipo, lakini si katika aina ya watu.

Wewe unapima kukua kwako kwa jinsi unavyojisikia ukiwa kwenye maombi. Wao waliuliza zaidi mtu anaishije. Waliuliza kwa muda mrefu, na majibu waliyataka kwa watu wanaomjua. Karibu yote nitakayokuambia yanatoka hapo.

Msikilize kwanza shahidi ambaye hakuwa na sababu ya kuwasifu. Mnamo mwaka 112 Pliny Mdogo, gavana wa Kirumi wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajan kuomba ushauri juu ya Wakristo. Alikuwa amewahoji wengi, na wanawake wawili watumwa, walioitwa mashemasi, aliwatesa ili aupate ukweli wote. Aliyoyasikia kwa waliohojiwa yalikuwa ya kawaida mno. Walikuwa na desturi ya kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama Mungu kwa kupokezana, kisha wakajifunga kwa kiapo: wasiibe, wasinyang'anye, wasizini, wasivunje ahadi, wasikatae kurudisha amana mwenyewe akiidai. Walitawanyika, na baadaye wakakutana tena kula chakula cha kawaida. Barua hiyohiyo inataja watu waliokuwa wameiacha imani miaka mingi kabla, kwa hiyo hata kurudi nyuma hakukuanza na kizazi chetu.

Kitazame kiapo kile. Yote yaliyomo ni mambo ambayo jirani, mwajiri au mkopeshaji anaweza kuyaona kwa macho. Na waliyasema mbele ya watu ambao wangekutana nao tena juma lifuatalo. Huo uongo mdogo mdogo unaoutaja hustawi pale ambapo hakuna anayefuatilia. Katika mkutano wa namna ile ungepata shida kuishi.

Kufikia karne ya 3 jambo hili lilikuwa limewekewa utaratibu kamili. Kuna kitabu kiitwacho Mapokeo ya Kitume, ambacho kwa muda mrefu kimehusishwa na Hipoliti wa Roma, ingawa wanazuoni wanabishana kuhusu mwandishi na umri wake. Kinasema anayejiandaa kwa ubatizo asikilize neno kwa miaka mitatu. Miaka mitatu! Halafu kinaongeza kwamba mtu akiwa na bidii asihesabiwe muda, ahukumiwe kwa mwenendo wake tu. Siku ya kwanza aliulizwa kazi anayofanya na hali ya maisha yake, na waliomleta wakamshuhudia kama kweli anafaa kulisikia neno. Na ubatizo ulipokaribia, maswali yalikuwa haya: Je, ameishi kwa uadilifu wakati akifundishwa? Amewaheshimu wajane? Amewatembelea wagonjwa? Ametenda kila tendo jema? Waliojibu si yeye, ni wale waliomleta.

Hapa nakuomba usipite haraka. Leo hii nikitaka mtu wa kunishuhudia kama hasira yako imepungua au imeongezeka tangu mwaka jana, utanitajia nani? Mhubiri wa kwenye simu hakujui. Kwenye mkesha mko wengi, na wote mmefumba macho. Una miaka saba ya kusikia mafundisho mazuri, na ninavyosoma barua yako sioni hata mtu mmoja ndani yake. Hakuna rafiki, hakuna kiongozi, hakuna mgonjwa uliyemtembelea. Labda wapo na hukuwataja tu. Lakini kama hawapo, basi naamini tatizo lako la kwanza liko hapo, kabla hata hatujazungumzia maombi.

Usinielewe kwamba kukua ni jitihada tupu. Wao wenyewe wangelikataa hilo. Sipriani, aliyekuja kuwa askofu wa Karthago, alibatizwa akiwa mtu mzima, msomi na mwenye mali, karibu mwaka 246. Baadaye alimwandikia rafiki yake Donato akieleza jinsi alivyodhani kubadilika hakuwezekani: mtu aliyezoea karamu kubwa atajifunza lini kula kwa kiasi? Aliyejizoesha mavazi ya fahari atawezaje kuvaa kama watu wengine? Anasema ni Mungu aliyemwezesha, wala hajisifu. Ila neema waliyoiamini watu wale ilikuja na siku za kukutana, watu wa kukuuliza maswali, na wagonjwa wa kutembelewa.

Sasa maombi mazito. Kuna mwongozo mfupi uitwao Didake, ambao wanazuoni wengi huuweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Ulipotea kwa karne nyingi mpaka kiongozi wa kanisa la Kigiriki, Philotheos Bryennios, alipoukuta katika maktaba moja ya Konstantinopoli mwaka 1873. Akauchapisha mwaka 1883. Kwa sala ya kila siku Didake inaagiza jambo moja: salini Baba Yetu mara tatu kwa siku. Ndiyo hivyo tu. Kufunga ni Jumatano na Ijumaa. Siku ya Bwana, kabla ya kuumega mkate, ungameni makosa yenu, na mwenye ugomvi na mwenzake asikaribie mpaka wapatane.

Ni kidogo, nawe unaweza kukidharau kwa sababu umezoea kuhesabu maombi kwa saa. Lakini ni kiasi ambacho mtumwa aliyeamka kabla ya bwana wake aliweza kukitimiza, na mama mwenye watoto, na mtu aliyetoka kuudhiwa. Usiku kucha wa mwanzo wako ulikuwa zawadi. Mungu akikupa tena, pokea. Kosa ni kuufanya kipimo, halafu kila siku isiyoufikia ukaihesabu kuwa ya hasara, mpaka unaona uvivu hata kupiga magoti dakika tano. Didake ina sentensi ambayo ningependa iandikwe kwenye kuta za makanisa yetu: ukiweza kuibeba nira yote ya Bwana utakuwa mkamilifu, usipoweza, fanya lile unaloliweza.

Kufunga kwao nako kulikuwa na upande ambao tumeusahau. Walifunga kabla ya ubatizo, mbatizaji pamoja na mbatizwa. Lakini katika Mchungaji wa Herma, maandishi ya Roma ya karne ya 2, anayefunga anaelekezwa ale mkate na maji, akadirie gharama ya chakula ambacho angekula siku hiyo, kisha fedha hiyo ampe mjane, yatima au mhitaji. Aristide wa Athene, akiwatetea Wakristo katika karne hiyohiyo, anasema kwamba mtu akiwa maskini kati yao nao hawana akiba ya kumpa, hufunga siku mbili au tatu ili yeye apate chakula. Tumezoea kufunga ili tupokee jambo. Jaribu kufunga ambako mtu mwingine anashiba, uone maombi ya siku hiyo yanavyobadilika. Angalau hutakuwa ukijifikiria mwenyewe muda wote.

Kuhusu neno, nitakuwa mfupi. Wengi wao hawakujua kusoma na hawakumiliki kitabu. Yustino, aliyeuawa kwa imani yake Roma karibu mwaka 165, ameeleza ibada ya Jumapili ilivyokuwa: kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii husomwa kadiri muda unavyoruhusu, msimamizi huwahimiza watu wayaige hayo mema, kisha husimama na kuomba, na mkate na kikombe huletwa. Mwaka 180 kundi dogo la Wakristo kutoka mji wa Scilli lilisimamishwa mbele ya liwali kule Karthago, akawauliza wana nini kwenye sanduku lao. Sperato akajibu: vitabu, na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Sanduku hilo moja ndilo lililotajwa, na kwa yaliyomo walikubali kufa. Katika mwezi mmoja wewe unasikia mahubiri mengi kuliko waliyoyasikia wao kwa miaka, tena ya wahubiri wanaopingana. Sikuambii uzime simu. Nakuambia chagua Injili moja, uisome polepole miezi mitatu, tena kwa sauti na mtu mwingine, na mahubiri ya mtandaoni yapunguze yabaki moja kwa juma.

Yustino hakuishia kwenye mahubiri na mkate. Anasema wenye uwezo hutoa kila mmoja apendavyo, na kilichokusanywa huwekwa kwa msimamizi ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mashemasi huwapelekea mkate wasioweza kufika. Hiyo ni sehemu ya ibada ileile, katika maelezo yaleyale. Sisi tumeitenga: ibada ni Jumapili, na wagonjwa ni wa idara fulani.

Sasa nikusimulie habari ninayoirudia mara nyingi nikifundisha, maana mambo haya yote yamekutana ndani yake. Mwaka 203 huko Karthago vijana kadhaa waliokuwa bado wanafundishwa imani walikamatwa. Mmoja aliitwa Perpetua, mwanamke wa ukoo mzuri, umri wake kama miaka 22, ana mtoto anayenyonya. Mwingine, Felisita, alikuwa mtumwa na mjamzito. Perpetua ameacha maandishi aliyoyaandika gerezani, nayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo tuliyo nayo. Hafichi hofu yake. Anasema aliogopa giza la gereza kwa sababu hajawahi kuona giza kama lile, na kwamba alipata raha aliporuhusiwa kukaa na mtoto wake. Baba yake alikuja tena na tena kumsihi aikane imani, na anaeleza jinsi alivyomhurumia mzee huyo.

Mwalimu wao aliitwa Saturo. Siku waliyokamatwa hakuwepo. Angeweza kutoroka. Alikwenda mwenyewe akajitoa, akafungwa pamoja na wanafunzi wake, akafa pamoja nao tarehe 7 Machi. Mashemasi wawili wa kanisa walikuwa wakija gerezani, wakawahonga walinzi ili wafungwa wahamishiwe mahali penye nafuu kwa saa chache. Felisita alijifungua humo gerezani, na dada mmoja wa kanisa akamchukua mtoto wa kike akamlea kama wake. Ukiniuliza Perpetua alikuaje haraka hivyo, maana alibatizwa baada ya kukamatwa, nitakuonyesha hao: mwalimu aliyemfuata gerezani, mashemasi, na yule dada ambaye jina lake hatulijui. Sidhani kama angefika pale kwa kusikiliza mafundisho peke yake, hata yangekuwa mazuri namna gani.

Na moto je? Karama zilikuwepo. Irenei wa Lyon, akiandika karibu mwaka 180, anazungumzia uponyaji na unabii kama mambo yanayotokea katika kanisa la siku zake. Sitaki nikuzimie kiu hiyo. Lakini Didake, ambayo inawaheshimu sana manabii, inatoa njia za kuwapima ambazo zingewaumbua wengi: mtume anayesafiri akikaa kwenu siku tatu ni nabii wa uongo, akiomba fedha ni nabii wa uongo, akisema katika Roho aandaliwe chakula na kisha akakila mwenyewe, ni nabii wa uongo. Nabii wa kweli, inasema, hujulikana kwa kuwa na mwenendo wa Bwana. Hata kwa karama, kipimo ni kilekile.

Kutokana na hilo unaweza kukisia jibu langu kuhusu kuhama. Mkristo wa Korintho aliyechoshwa na fujo za kanisa lake hakuwa na kanisa la pili mjini la kuhamia. Paulo aliwaandikia barua kali, lakini hakumwambia mtu atafute ushirika mwingine. Aliwaambia wangojane wanapokula. Zipo sababu za kuondoka mahali: mafundisho yanayompotosha Kristo, viongozi wanaowanyonya au kuwadhulumu watu. Kukosa moto si mojawapo. Ukihama leo utaanza upya kutojulikana, na kutojulikana ndiko kunakokudhoofisha.

Kuna mambo yao nisiyokushauri uyaige. Baadhi walikuwa wakali kupita kiasi kwa aliyeanguka baada ya ubatizo, hata watu wakawa wanaahirisha ubatizo hadi kitandani mwa kufia. Kaisari Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kufa. Lakini ndani ya ukali huo palizaliwa jambo jema linalokuhusu. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu, na Wakristo wengi walitii kwa hofu, au walinunua vyeti vya kuonyesha kwamba wametii. Dhoruba ilipopita walitaka kurudi. Novatiano wa Roma alisema hapana. Wapo waliotaka warudishwe papo hapo kana kwamba hakuna kilichotokea. Sipriani na maaskofu wenzake, walipokutana Karthago mwaka 251, walifungua mlango kwa njia ya toba yenye muda, inayosimamiwa na kanisa, kwa kadiri ya kosa la kila mmoja. Nakubaliana nao. Hasira ya miaka saba haitaondoka kwa maombi ya mkesha mmoja, na pia si sababu ya kujiona umefungiwa nje. Itapewa muda, na itapewa watu.

Basi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningemtafuta mwanamke mmoja wa kanisani kwangu, aliyenizidi umri katika imani, asiyependa maneno mengi wala kuyatangaza ya watu. Ningemwambia wazi: nina hasira na ninadanganya, naomba uniulize kila juma. Ningemtajia pia watu ninaowaumiza kwa hasira hiyo, na kama kuna niliyegombana naye ningekwenda kupatana naye kabla ya kushiriki tena meza ya Bwana. Ningesali Baba Yetu asubuhi, mchana na usiku, polepole, hata siku ambazo moyo ni mkavu. Ningechagua mgonjwa au mjane mmoja, mmoja tu, niwe namtembelea mara kwa mara mpaka aanze kunitegemea. Ijumaa ningefunga mlo mmoja na gharama yake ningempelekea huyohuyo. Kama unanyonyesha, ni mjamzito, au una ugonjwa unaokutaka ule kwa wakati, usifunge chakula. Punguza matumizi mengine na fedha hiyo ipeleke palepale.

Yule mwanamke akikukatalia, usivunjike moyo, muulize akutajie mwingine. Miezi sita ikipita, usijikague mwenyewe. Muulize yeye, na waulize wanaoishi nawe nyumbani, kama wameona badiliko lolote. Nao wakisema bado, niandikie tena. Tutaangalia hasira hiyo inaanzia wapi, maana wakati mwingine chini yake kuna jeraha linalohitaji mshauri wa kukaa nawe ana kwa ana, na barua haiwezi kuifanya kazi hiyo.